Bafa ya 7.4 iliyosoma 7.0: mikono haikukosea

"Shikamoo mwalimu. Ninasoma mwaka wa kwanza wa shahada ya sayansi ya maabara za tiba. Kidato cha tano na sita nilisoma CBG (kemia, biolojia na jiografia), kwa hiyo fizikia niliiacha kidato cha nne, na hesabu zangu ni zile za msingi za BAM tu. Muhula huu tuna somo la kemia ya kifizikia ya mimumunyo ya maji, nalo linanitoa jasho. Wiki iliyopita maabara tuliambiwa tutengeneze mililita 100 za bafa ya fosfeti, yaani mmumunyo unaohimili mabadiliko ya pH, yenye pH 7.4. Nilitumia mlinganyo wa Henderson na Hasselbalch (pH ni pKa ukijumlisha logi ya uwiano wa iliyoachia haidrojeni kwa ambayo bado) na pKa ya 7.2 kama ilivyo kitabuni, yaani pH ambayo nusu ya asidi imeachia haidrojeni yake, nikapata kwamba nichanganye mililita 61 za chumvi moja na 39 za nyingine, zote za mola 0.1. Mita ikasoma 7.0. Nikarudia, ikasoma 7.0 tena. Fundi sanifu akasema niongeze haidroksaidi ya sodiamu mpaka ifike. Aliponiona nimeduwaa, akaizimua bafa hiyo mara kumi kwa maji mbele yangu, na mita ikapanda hadi 7.2, ilhali mhadhiri alitufundisha kwamba bafa ikizimuliwa pH yake haibadiliki. Jaribio la kwanza nilipata 31 kati ya 100. Kanuni zote nimezikariri, lakini swali likigeuzwa kidogo napotea. Je, ni hesabu inayonishinda? Nitafute mtu wa tuisheni, au nihamie kozi isiyo na kemia mapema? Na kusema kweli, haya yote yana kazi gani kwa mtu atakayekuwa anapima damu na choo?"

Marahaba. Umeuliza mambo manne katika barua moja, yaani bafa iliyokataa kufika ulikokusudia, hofu ya hesabu, kama uendelee na kozi au la, na haya yote yana kazi gani. Nitaanza na bafa, kwa sababu ndani yake yamo majibu ya hayo mengine matatu.

Mikono yako haikukosea. Ukichanganya mililita 61 za fosfeti yenye haidrojeni moja na mililita 39 za fosfeti yenye haidrojeni mbili, zote za mola 0.1, mita iliyosawazishwa vizuri inapaswa kusoma 7.0. Yapo majedwali ya zamani ya bafa, yaliyopatikana kwa watu kupima mmoja mmoja na si kwa kukokotoa, na yanatoa uwiano huohuo wa 61 kwa 39 kwenye mstari wa pH 7.0. Kwa pH 7.4 majedwali hayo yanataka 81 kwa 19. Kwa hiyo wewe ulitengeneza bafa nzuri kabisa ya 7.0 huku ukidhani unatengeneza ya 7.4, na ukairudia kwa usahihi uleule. Mtu mwenye mikono mibovu hapati jibu moja mara mbili.

Niliwahi kujiuliza kwanza kama ulikosea kwenye mizani, maana kosa hilo ndilo ninalolikuta mara nyingi zaidi. Fosfeti yenye haidrojeni moja huuzwa katika sura kadhaa: ile kavu ina uzito wa gramu 142 kwa moli, na ile iliyobeba molekuli 12 za maji ina gramu 358. Mwanafunzi akichukua kopo la pili akapima kwa hesabu ya kopo la kwanza, anaweka asilimia 40 tu ya kilichotakiwa, na mita ingesoma karibu 6.6. Wewe ulipata 7.0. Kopo ulilisoma vizuri, na tatizo liko kwingine.

Liko kwenye ile 7.2. Wengi huifundishwa kama tarakimu isiyobadilika, mithili ya umri wa marehemu. Ukweli ni kwamba 7.2 ni thamani ya fosfeti iliyo peke yake katika maji mengi mno, kiasi kwamba ayoni moja haijui kama nyingine ipo. Chupa yako haikuwa hivyo. Ndani yake kila ayoni ya fosfeti ilikuwa katikati ya umati wa ayoni za sodiamu, na kwa kuwa chaji hasi na chanya huvutana, karibu na kila fosfeti palikuwa na sodiamu nyingi kidogo kuliko mahali pengine. Wingu hilo la chaji chanya humtuliza mwenye chaji hasi. Sasa tazama ni nani anayefaidika zaidi. Fosfeti yenye haidrojeni mbili ina chaji hasi moja. Ikiachia protoni moja, yaani haidrojeni yenye chaji chanya, inakuwa na chaji hasi mbili, na nguvu ya kutulizwa huenda kwa mraba wa chaji, yaani moja kwa moja na mbili kwa nne. Aliyekwisha kuachia protoni anatulizwa mara nne ya yule ambaye bado. Kwa hiyo kuachia kunakuwa rahisi, asidi inakuwa na nguvu kidogo kuliko kitabuni, na pKa inashuka.

Peter Debye na Erich Hückel walieleza jambo hili kwa hesabu mwaka 1923, na ukitumia mlinganyo wa aina yao kwa chupa yako, ambayo nguvu yake ya ayoni (kipimo cha wingi wa ayoni pamoja na ukubwa wa chaji zake) ni takriban 0.22, unapata pKa inayofanya kazi ya karibu 6.8. Ongeza logi ya uwiano wako, yaani 0.2, unapata 7.0. Fundi sanifu alipoizimua mara kumi, umati ulipungua, nguvu ya ayoni ikawa 0.022, pKa ikapanda kurudi kuelekea kwake hadi kama 7.0, na 7.0 ukijumlisha 0.2 ni 7.2. Mita haikukudanganya hata mara moja. Mhadhiri naye hakukosea, ila alikupa nusu ya kwanza ya maelezo. Ni kweli kwamba kuzimua hakubadili uwiano wa chumvi mbili, kwa kuwa zote zinapungua sawasawa, lakini kunabadili umati, na umati ndio unaoamua pKa. Fosfeti inaonyesha jambo hili waziwazi kwa sababu ina chaji nyingi. Ndiyo maana maabara inayohifadhi bafa ya fosfeti na chumvi iliyokolezwa mara kumi huikuta ikisoma karibu 6.8 ndani ya chupa kubwa, kisha ikizimuliwa kwa matumizi inasoma 7.4, na hakuna aliyeongeza chochote isipokuwa maji.

Ningependa ulishike hili kuliko kanuni yoyote: kiasi ulichopima mizanini na kiasi kinachofanya kazi ndani ya maji ni vitu viwili. Somo lako lote, kwa maoni yangu, ni juhudi ya kutoka kwenye cha kwanza kwenda kwenye cha pili. Wanafunzi wa sayansi za uhai hukariri milinganyo inayounganisha viwili hivyo bila kuambiwa kwamba ni viwili, kisha swali likigeuzwa wanakosa pa kushika.

Kuongeza haidroksaidi ya sodiamu, kama ulivyoelekezwa, si udanganyifu wala si njia ya mkato ya mafundi. Hesabu hukufikisha kijijini na mita hukuonyesha nyumba. Na hata hapo unaweza kujipima: kutoka 61 kwa 39 hadi 81 kwa 19 katika mililita 100 unahitaji kugeuza milimoli 2 za fosfeti, yaani karibu mililita 2 za haidroksaidi ya sodiamu ya mola 1. Ukijikuta umemwaga mililita 6 na mita bado iko 7.1, simama, kwa kuwa sasa kuna kosa la kweli. Huenda mita haijasawazishwa, au elektrodi yake ya kioo ililazwa kwenye maji yaliyokenekwa badala ya mmumunyo wa kloraidi ya potasiamu, jambo linaloiharibu polepole bila mtu kuona.

Kabla ya kuendelea niondoe dhana nyingine mbili ambazo huja pamoja na hii, ingawa hukuziuliza. Ya kwanza ni kuchanganya asidi dhaifu na asidi iliyozimuliwa. Asidi ya siki ya mola 0.1 ina pH ya 2.9 hivi, na asidi ya haidrokloriki ya mola 0.001 ina pH 3.0. Ukizitazama kwa mita utadhani ni ndugu. Lakini zichukue mililita 10 kila moja uanze kuzitoneshea haidroksaidi ya sodiamu, na utakuta ya siki inameza mara 100 zaidi kabla ya kuisha, kwa sababu protoni zake nyingi zilikuwa zimeshikiliwa, zikiachiwa moja baada ya nyingine kadiri zile huru zinavyoondolewa. pH inahesabu protoni zilizo huru tu. Ya pili ni kwamba 7 ndiyo pH isiyoegemea upande wowote. Hiyo ni kweli kwenye nyuzi joto 25. Kwenye nyuzi 37 za mwili wako maji yenyewe huachana zaidi, na mahali pa katikati ni karibu 6.8. Joto hugusa bafa pia: ile ya Tris, ambayo utakutana nayo ukianza kushughulika na DNA, hupoteza karibu 0.03 ya pKa kwa kila nyuzi joto moja, hivyo ukiisawazisha mezani kwa pH 8.0 kwenye nyuzi 25 kisha ukaiweka friji ya nyuzi 4, huko inakuwa 8.6. Andika joto kwenye lebo ya chupa. Ni jambo dogo, na wachache mno hulifanya.

Sasa hesabu. Umeniambia ulisoma CBG kana kwamba unaungama kosa. Somo hili halihitaji hesabu ngumu. Linahitaji logi, na logi zenyewe ni tatu tu za kukaa kichwani: ya 2 ni 0.30, ya 3 ni 0.48, ya 10 ni 1. Nyingine unaziunga. Logi ya 20 ni 1.30, kwa sababu 20 ni 2 mara 10 na logi hujumlisha pale namba zinapozidisha. Ukiona pH imeshuka kwa 0.3, jua protoni zimeongezeka mara mbili bila kugusa kikokotoo. Damu ya pH 7.4 ina nanomoli 40 za protoni kwa lita, na mgonjwa aliyefika 7.1 ana 80. Kwa sikio tofauti ya 0.3 ni ndogo. Kwa vimeng'enya ni mara mbili.

Na damu ndiyo inayojibu swali lako la mwisho, la kazi ya haya yote. Mlinganyo unaoukariri haukuzaliwa na wakemia waliokosa shughuli. Lawrence Henderson, Mmarekani, aliuandika mwaka 1908 akiwa anatafuta jinsi damu inavyohimili asidi, na Karl Hasselbalch wa Denmark akauvika logi mwaka 1916, baada ya mwenzake wa nchi hiyohiyo, Søren Sørensen wa maabara ya Carlsberg, kuleta kipimo cha pH mwaka 1909. Mashine ya gesi za damu utakayoitumia hospitalini hupima pH na shinikizo la kaboni dayoksaidi, lakini bikaboneti inayoitoa kwenye karatasi haikupimwa: imekokotolewa kwa mlinganyo huo.

Fuatana nami katika mfano huu, kwa kalamu ikiwezekana. Damu ya mtu mzima mwenye afya ina bikaboneti ya milimoli 24 kwa lita. Shinikizo la kaboni dayoksaidi ni milimita 40 za zebaki, na ukilizidisha kwa 0.03 unapata milimoli 1.2 zilizoyeyuka. Gawa 24 kwa 1.2, unapata 20. Logi yake umeishika, 1.30. pKa inayofanya kazi ndani ya damu kwenye nyuzi 37 ni 6.1, na jumla ni 7.4. Hapa mwanafunzi makini huinua mkono: kitabu kinasema bafa hufanya kazi vizuri ndani ya kipimo kimoja cha pKa yake, na hii imeachana nayo kwa 1.3, sasa mwili umechaguaje bafa mbovu hivyo?

Ongeza milimoli 10 za asidi katika lita ya damu iliyofungiwa ndani ya chupa. Bikaboneti inashuka hadi 14, na kaboni dayoksaidi inapanda kutoka 1.2 hadi 11.2, maana haina pa kwenda. Uwiano unakuwa 1.25, logi yake ni 0.1, na pH ni 6.2. Huyo amekufa. Sasa fungua chupa, yaani mpe mapafu. Bikaboneti ni ileile 14, lakini kaboni dayoksaidi iliyozidi imepumuliwa nje na kubaki 1.2. Uwiano ni karibu 11.7, na pH ni 7.17. Anaumwa, lakini yupo. Akihema kwa nguvu zaidi, kama wafanyavyo wagonjwa wa kisukari waliojaa asidi, akaishusha hadi 0.9, pH inarudi karibu na 7.3. Nimeacha himoglobini na protini nyingine zinazosaidia, ila picha haibadiliki: ubora wa bafa hii hauko kwenye pKa yake, uko kwenye mlango ulio wazi. Mtu aliyekariri sheria ya kipimo kimoja angekosa swali hili. Aliyeuliza kwanza ni kipi kilichofungiwa na ni kipi kinachoweza kutoka, angelipata hata bila kikokotoo. Wewe utakayepokea sindano ya damu kutoka wodini utajua pia kwa nini kiputo cha hewa ndani yake, au mfuniko uliosahauliwa, ni jambo la kukataa sampuli: kaboni dayoksaidi hutoroka, na pH inapanda bila mgonjwa kuwa na habari.

Swali hilohilo la nani anaweza kupita ndilo linalofungua mlango wa osmosisi, yaani maji kupita kwenye utando kuelekea kwenye chembe nyingi, ambao najua utakuja kwenye jaribio la pili. Mmumunyo wa chumvi wa asilimia 0.9 una gramu 9 kwa lita, yaani milimoli 154, na kwa kuwa kila moja huachana kuwa ayoni mbili, unatarajia milimoli 308 za chembe. Ukipima kwa kifaa utapata kama 286, kwa sababu ileile ya umati: ayoni zinazovutana hazifanyi kazi kama zingekuwa huru kabisa. Lakini hiyo si sehemu ninayotaka uione. Ninataka utengeneze mirija miwili ya majaribio. Wa kwanza uwe na chumvi ya asilimia 0.9, na wa pili uwe na urea ya gramu 18 kwa lita, ambayo ni milimoli 300, karibu sawa. Tonesha damu kidogo katika kila mmoja, kisha simamisha kipande cha gazeti nyuma ya mirija. Nyuma ya ule wa chumvi hutasoma kitu, kwani mmumunyo umekuwa na ukungu kama maji ya mchele yaliyotiwa rangi nyekundu, seli zikiwa nzima na zikitawanya mwanga. Nyuma ya ule wa urea, baada ya muda mfupi tu, maandishi yanatokea waziwazi kupitia wekundu uliotakata. Seli zimepasuka zote. Idadi ya chembe ilikuwa ileile, ila urea hupenya utando wa seli nyekundu kwa kasi, huingia na maji huifuata, wakati sodiamu inabaki nje ikishikilia maji yake. Kuhesabu chembe kunakupa nusu ya jibu, na nusu nyingine ni utando. Kwa msingi huohuo dripu ya glukosi ya asilimia 5, yenye milimoli 278, haiipasui damu inapoingia mshipani, lakini mwili ukishaitumia glukosi kinachobaki ni maji matupu.

Umetaja choo, basi chukua pakiti ya ORS, ile ya kunyweshwa anayeharisha. Mchanganyiko uliokubaliwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2002 una, kwa lita, gramu 2.6 za chumvi ya kawaida, gramu 13.5 za glukosi, gramu 1.5 za kloraidi ya potasiamu na gramu 2.9 za sitreti ya sodiamu iliyobeba molekuli 2 za maji. Jumla ya chembe ni milimoli 245, wakati mchanganyiko wa zamani ulikuwa na 311. Kaa chini uzihesabu mwenyewe kutoka kwenye gramu hizo, ukikumbuka kwamba sitreti moja huleta sodiamu tatu. Ukipata karibu 245 bila kuchungulia popote, sura ya osmosisi umeimaliza.

Niruhusu mfano mmoja wa nje ya hospitali, kwa sababu naupenda. Magadi tunayotia kwenye maharage ili yaive haraka hutoka katika maziwa kama Ziwa Magadi la Kenya, lenye pH ya karibu 10. Humo wanaishi perege wadogo, ambao wanasayansi huwaita Alcolapia grahami. Samaki wa kawaida hutoa uchafu wake wa nitrojeni kama amonia, ambayo hupenya matamvua kwenda majini, na huko hushika protoni ikawa ayoni ya amoniamu isiyoweza kurudi. Ni mtego mzuri, ila unahitaji protoni. pKa ya amoniamu ni kama 9.2. Kwenye maji ya kawaida ya pH 7.4 chini ya asilimia 2 hubaki amonia huru, lakini kwenye pH 10 inayobaki huru ni zaidi ya asilimia 80, hivyo mtego haufungi na sumu hubaki kwenye damu. Perege hawa wametoka kwenye tatizo hilo kwa kutengeneza urea na kuitoa hiyo badala ya amonia. Ukigeuza mtego huohuo ndani nje unapata klorokwini, besi dhaifu iliyokuwa ikijilundika ndani ya kifuko chenye asidi cha kimelea cha malaria: inaingia ikiwa haina chaji, inashika protoni, haitoki.

Namna ya kusoma, basi. Acha kwa wiki mbili kukariri mlinganyo wowote mpya. Kila swali unalopewa, kabla ya kuandika kanuni, andika kwa maneno kilichomo ndani ya chupa baada ya kila kitu kuyeyuka na kuitikiana. Mfano: mililita 50 za asidi ya siki ya mola 0.1 zimeongezewa mililita 20 za haidroksaidi ya sodiamu ya mola 0.1. Wengi hukimbilia kutumbukiza 0.1 na 0.1 kwenye mlinganyo. Wewe andika: nilikuwa na milimoli 5 za asidi, nikaleta milimoli 2 za besi, besi imekwisha yote, zimebaki milimoli 3 za asidi na zimezaliwa milimoli 2 za asetati. Uwiano ni 2 kwa 3, logi yake ni 0.30 kutoa 0.48, yaani hasi 0.18, na pH ni 4.76 kutoa 0.18, sawa na 4.58. Sehemu ngumu ilikuwa ile sentensi, na haikuwa na hesabu inayozidi kutoa. Iandike kwa Kiswahili kama ndiko unakofikiri haraka. Mtihani utaujibu kwa Kiingereza, lakini hakuna anayekulazimisha ufikiri kwa lugha uliyoazima.

Kuhusu tuisheni, sitakuficha. Mtu anayekupa mitihani ya miaka iliyopita pamoja na majibu yake atakupandisha kutoka 31 hadi pengine alama ya kuponea, na swali likigeuzwa utapotea kama sasa. Akiwa ni mtu anayekuacha uandike, anayenyamaza unapokwama na kukuuliza ndani ya chupa kuna nini, mlipe. Kundi la wenzako watatu wanaosahihishana kwa kalamu linaweza kufanya kazi hiyohiyo bure, mradi asiwepo mmoja anayetatua huku wengine wakinakili. Kuhama kozi ni haki yako, lakini usihame kwa sababu ya alama moja ya jaribio la kwanza, na usihame ukidhani utaikwepa kemia ya mimumunyo: iko kwenye famasia, lishe, kilimo na ufugaji wa samaki. Ningelifikiria kwa uzito kama ungeniambia kwamba kazi yenyewe ya maabara inakuchosha. Wewe umeniambia ulirudia bafa kwa hiari yako ilipokataa.

Yapo mambo ambayo barua haiwezi kuyafanya. Peleka karatasi yako ya jaribio kwa mhadhiri katika saa zake za kuonana na wanafunzi, umwombe akuonyeshe ni wapi alama zilipotea, kwa kuwa mimi sijaiona na huenda ulipoteza nyingi kwenye vipimo vya ujazo tu. Ukijaribu njia niliyokueleza kwa wiki mbili na bado logi au uwiano vinakuponyoka, tafuta mtu wa idara ya hesabu aketi nawe ana kwa ana, maana pengo la namna hiyo huonekana kwa kutazama mkono wa mtu ukiandika. Na kama jasho ulilolitaja limefika mahali pa kukosa usingizi au kukwepa vipindi, nenda ofisi ya ushauri nasaha ya chuo kabla ya jaribio la pili.

Lakini kabla ya wote hao rudi kwa fundi sanifu. Aliyeizimua bafa mbele yako bila kusema neno anajua zaidi ya aliyoyasema, na ninadhani anangoja uulize. Mwombe mpime tena kwenye 10, 50 na 100 za kuzimua, uchore pH dhidi ya mzizi wa mraba wa nguvu ya ayoni, uone mstari unavyonyooka kadiri maji yanavyozidi kuwa mengi. Nenda na chupa yenyewe ikiwa bado ipo, na usichelewe: bafa ya fosfeti bakteria huipenda, na ikikaa kwenye joto la mezani inaweza kuharibika.